Mama Komeo Aliyesubiri Nje ya Mlango

Ndugu waombolezaji, nasoma kwa niaba ya familia, mimi fundi seremala, mdogo wake marehemu, mnisamehe nikisoma polepole, kwani yapo niliyoagizwa niyaseme na yapo niliyoapa kutoyasema, na tangu jana naogopa nisije nikayachanganya.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Komeo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, akaanza shule ya msingi mwaka 1964, akahitimu uuguzi mwaka 1977, akapangiwa wodi ya majeruhi, ambako alisifika kwa mkono mwepesi wa sindano na ulimi mzito wa kusifia mtu. Alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1979 na shemeji yetu, dereva, aliyetutangulia mwaka 2003, wakajaaliwa binti mmoja, huyu aliyekaa mbele.

Tarehe 6 Juni 1994 aliletwa wodini msichana aliyevunjika mkono, pamoja na mwanamume aliyejiita mjomba wake, na kila alichoulizwa msichana, mjomba ndiye aliyejibu, dada akaona, akashuku, lakini karatasi zilikuwa sawa, akawaruhusu, na polisi walipokuja kueleza kwamba mtu yule alikuwa akiuza wasichana, yule mtoto hakupatikana tena. Dada alishinda jikoni na sare yake mwilini.

Mwaka 1996 aliacha kazi, akafungua nyumba ya kuwapokea waliookolewa kwenye biashara hiyo, kila chumba kikiwa na komeo kwa ndani, kwa nje hakuna, na yeye mwenye nyumba alipiga hodi, akajitaja, akasubiri, hata chai ipoe, hata wiki ipite, maana alisema mtu huanza kupona siku anapofungua kwa mkono wake mwenyewe. Kule neno mjomba lilikuwa mwiko, na mimi niliyetia makomeo yote niliitwa Fundi, basi.

Mwaka 2011, kwa kujigamba kwangu harusini, niliutaja mtaa wa nyumba ile, na wiki ya pili gari geni likaegeshwa getini, dada akawahamisha watu kumi na mmoja alasiri moja, akaninunia mwezi mzima, kisha akaniita nikatie makomeo nyumba mpya. Ulimi uliponza kichwa, jamani, na vichwa vyenyewe havikuwa vyangu! Kwa hiyo nikiwaruka watoto wake wengine, wale wa nyumba ile, majina yao na wanakoishi, sijasahau.

Aliugua figo tangu Agosti 2023, akafariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa ameniagiza nikapige hodi badala yake kwa msichana wa mwisho kupokelewa, ambaye kwa miezi mitatu alimfungulia dada tu, na tangu msiba huu hakumfungulia mtu wala hakula, nami nimesimama pale kila asubuhi na kikombe, nikijitaja, nikisubiri, nikihofu kwamba tutazika wawili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliojua mkanyamaza, na wauguzi wenzake wa zamani waliompokelea wagonjwa bila maswali.

Leo asubuhi komeo limevutwa, chai imepokelewa, na nimeitwa mjomba. Kama yupo hapa au hayupo, sisemi, na tafadhali, mtu asigeuze shingo. Dada, pumzika kwa amani, hodi nitapiga mimi.