Reli ya Bwana Coe na Watu wa Kivuko cha Kellum

Kijiwe cha Kivuko cha Kellum, kule Iowa, kilikuwa gogo la mwaloni nje ya karakana ya mhunzi, enzi ambazo wapimaji wa serikali walikuwa bado hawajafika huko. Wenye kijiwe walikuwa watatu. Kanali hakuwahi kuwa mwanajeshi, ila sauti alikuwa nayo. Mwalimu alifundisha msimu mmoja, shule ikaungua, jina likabaki. Kobe ndiye mhunzi mwenyewe, na ukimpelekea kazi leo usimuulize wiki hii. Asubuhi hiyo Lovina Teague, mjane wa kule kilimani, alikuwa ameleta ulimi wa plau unolewe, na kwa kuwa alimjua Kobe, alikuja na birika la kahawa kabisa. Kahawa yenyewe ilikuwa mahindi yaliyokaangwa mpaka yakawa meusi. Hakuna aliyelalamika, maana ile ya kweli ilikuwa inaishia kwa matajiri wa mjini.

— Mpaka Pasifiki, — Mwalimu alisema, akiligonga gazeti kwa kidole. — Reli moja, kutoka maziwa makuu ya huku kwetu mpaka baharini. Huyu Bwana Coe wa New York anakuja leo, mchana kuna mkutano kanisani. Anataka tunyooshe mikono ili Bunge lione wananchi wanamuunga mkono. Chai ya China itafika hapa haijapoa.

— Chai si inasafirishwa kavu? — Kobe aliuliza.

— Namna ya kusema tu, bwana. Acha ushamba.

— Chai mambo madogo hayo, — Kanali alidakia. — Mimi nawaza nguruwe. Wachina wako wangapi? Hawana idadi. Kila mmoja akila kipande kimoja tu cha nguruwe wetu asubuhi, hapa wote tunajenga nyumba za matofali.

— Nguruwe gani atapanda milima ile ya magharibi?

— Atapanda amekaa, Kobe. Ndiyo kazi ya treni.

— Mimi nasikia milima wataitoboa, — Kobe alisema. — Na huko ndani kuna moto wa ardhini. Abiria atatoa yai dirishani, akilirudisha limeiva.

— Hilo dogo, — Mwalimu alisema. — Chuma chote kile kikilala upande mmoja wa dunia, dunia si itainama? Iowa itasogea karibu na jua. Tutalima machungwa hapa, nawaambia.

Lovina alikuwa akiwajazia vikombe. Sasa aliliweka birika chini.

— Hiyo reli analipia nani?

— Hapo ndipo unapomwona mjanja, mama, — Mwalimu alisema. Hataki fedha ya serikali hata kidogo. Anataka ardhi tu, ukanda wa maili sitini upana, huku mpaka baharini. Anauza ardhi, ananunua chuma, anasonga mbele.

— Na sisi tuko ndani ya ukanda au nje?

— Katikati kabisa. Tumebahatika.

Hakuna mtu pale aliyekuwa na hati ya shamba lake. Walikuwa wamewatangulia wapimaji, wakakata miti, wakalima, wakakaa wakisubiri siku serikali itakapoinadi ile nchi. Ndiyo maana walianzisha chama. Siku ya mnada wanachama wangesimama bega kwa bega, kila mmoja atajie shamba lake bei ya chini kabisa, na mgeni yeyote atakayefungua mdomo kupandisha bei abebwe akachovywe mtoni mpaka aufunge. Lovina alitegemea hicho tu. Mumewe, Amos, alikuwa amezikwa kwenye shamba lile, karibu na kisima alichokichimba mwenyewe.

— Chama kipo, Bi Lovina, usiwe na wasiwasi, — Kanali alisema. — Akija mnadani kugusa shamba lako, tunamchovya.

— Na kama mnada wenyewe haupo?

— Mnada utakosaje kuwepo?

Kabla hajajibiwa, akatokea bwana mmoja mwembamba, koti limejaa vumbi, anamvuta farasi anayechechemea. Alisalimu kwa adabu, akasema farasi amedondosha kiatu cha chuma, na kwamba yeye ndiye Coe. Wakampisha kwenye gogo. Lovina akampa kahawa kama anavyopewa kila mgeni, naye akainywa bila kukunja uso. Kwa hilo Lovina nusura ampende.

— Bwana Coe, ukishapewa huo ukanda, mashamba yetu yatanadiwa lini?

— Hayatanadiwa, mama. Ndio uzuri wa mpango wangu. Bunge litanipa mimi, nami nitawauzia ninyi kwanza, kabla ya wageni. Bei itakuwa juu kidogo, si unajua, ardhi iliyo kando ya reli.

Kobe aliitua nyundo. Mwalimu akalikunja gazeti polepole.

— Ngoja kwanza, — Kanali alisema. — Kwa hiyo mnadani huji kabisa?

— Nije kufanya nini?

Hasira zilimpanda Lovina, na hakuzificha.

— Ile miti nimeikata kwa mikono hii. Mume wangu nimemzika pale. Leo nikalinunue shamba langu kwa mtu ambaye hajawahi hata kuliona? Nakwambia mwenyewe, usije ukalisikia kwa watu. Sinunui, na sihami.

Coe hakukasirika. Alimtazama kama mtu anayetaka kuelewa.

— Na Wasauk, wenyeji waliokuwa wakilima bonde hili kabla yenu, mama, wao walisema nini?

Kila aliyekaa pale alikuwa amepitisha plau juu ya matuta ya zamani ya mahindi, na alijua ni ya nani. Hata Lovina. Lile swali lilimchoma, maana lilikuwa la haki, lakini shamba hakuwa tayari kuliachia.

— Umeuliza vizuri, — alisema mwishowe. — Waulize na huko Bungeni. Kanali, kanuni za chama zinasema achovywe nani?

— Yeyote anayetaka shamba la mwanachama.

— Zinasema lazima iwe mnadani?

Kanali alifikiri.

— Hazisemi.

— Basi. Nilikuwa nauliza tu.

Kanali akainama, akaanza kuvuta kiatu cha mguu wa kulia. Mwalimu akafuata. Kobe, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuharakisha jambo, alikuwa peku tayari.

— Mbona mnavua viatu? — Coe aliuliza.

Lovina alinyoosha mkono akampokea kikombe taratibu, maana kilikuwa cha udongo, na mto ule una mawe.