Mlango Uelekee Wapi

Teksi yetu ilitambaa nyuma ya nyumba ya Mama Aalaak. Trekta lilikuwa likiikokota nyumba hiyo kuelekea bara, maana bahari ilikwisha kula ua wake wote. Mama mwenyewe alikaa kiti cha nyuma cha teksi, kabanana na kijana asiyemjua wa kamati ya uhamisho. Mimi nilikuwa mbele na mtoto, tena nina haraka.

"Mlango wa nyumba utatazama bara, mama," kijana alisema. " Dhoruba za siku hizi zinatoka baharini, zitakufukia kwa theluji. Ndiyo mpango wetu."

"Mpango wenu umewahi kupika nyangumi? Mume wangu ni nahodha. Akipata nyangumi, bendera inapanda juu ya paa, mji mzima unakuja kula kwangu. Mlango ukijificha nyuma, wakitoka baharini si watakwenda kwa jirani?"

"Watafuata harufu."

"Harufu ya nani, wewe?"

Dereva alicheka hadi akapiga honi bila kukusudia. Mtoto wangu naye akacheka, sijui alielewa nini.

Ghafla kijana akanyoosha shingo. "Mama, nani yule dirishani? Nyumba inatakiwa iwe tupu!"

"Nahodha huyo. Kagoma kuacha chai yake. Mwambie wewe, mwenye mpango."

Trekta likasimama, nasi tukasimama. Mama akashuka akionyesha baharini, kijana akashuka akionyesha bara, wote wakimpigia kelele mwenye trekta. Akawatazama, akazima injini.

Mlango wa nyumba ukafunguka kule juu, bila ngazi, na nahodha akauliza nani anataka sukari.