Pombe Chini ya Kitanda cha Mkwe

Chupa zote zilipasuka chini ya kitanda, na mkwe alikuwa amelala juu yake. Hayo niliyasikia kwenye feri ya Likoni, mwaka wa pili wa hofu ya Wajapani, wakati wa vita, tulipongoja mabomu yao kila usiku. Kijana mmoja, Nguma, alikuwa akimweleza Bi Barke, muuza maji ya tangawizi ya chupa aliyekaa karibu naye.

"Nilitaka ifoke kama bia ya wazungu, mama. Nikaiziba ingali ikichachuka, nikatia na sukari vijiko vitatu kila chupa, nikampelekea baba mkwe zawadi."

Bi Barke alicheka hadi buibui likamteleza. "Mwanangu, hiyo si pombe, ni baruti! Iache mtungini mpaka povu life. Kisha tia nusu kijiko, uziweke penye baridi. Mimi pombe siijui, wallahi. Nasema tangawizi."

Kwa mtu asiyeijua, aliijua vizuri.

"Nusu kijiko haitafoka."

"Itafoka, na mkweo atapata usingizi."

Mkwe mzee alidhani bomu limeanguka. Alikimbilia handakini na shuka lake, na nusu ya kijiji cha Timbwani ikamfuata. Sasa Nguma alikuwa akienda kumwomba radhi, asije akanyimwa binti yake, Kanze, aliyekuwa amemchumbia.

"Na hicho kikapu miguuni pako?"

"Chupa sita nyingine, mama. Za radhi."

"Sukari?"

"Vijiko viwili tu."

Bi Barke alihama kiti. Nami nikahama.

Feri ikagota ng'ambo. Hasara mpaka hapo ilikuwa chupa kumi na nne, kamba za kitanda na shuka moja. Mke alikuwa bado hajahesabiwa.