Ukuta wa Waliobaki

Benchi la nje ya kinyozi pale mtaa wa Champlin, Marekani, halina mwenyewe, ila kila Jumamosi asubuhi lina wenyewe. Damas, waliyembandika jina la Sayansi kwa kuwa hakosi nadharia, hushika upande wa kivulini. Nahashon, Mkenya anayeitwa Kocha ingawa hajawahi kufundisha timu yoyote, huja na chupa ya kahawa. Tumpe, ambaye wote humwita Mama Lusajo, alikuwa ametoka zamu ya usiku ya kutunza wazee, miguu imevimba, akajikalisha katikati yao. Kesho kulikuwa na pikiniki: Champlin na mtaa jirani wa Woodbury, mpira wa Kimarekani, na watakaoshindwa wanaosha masufuria ya pilau. Mwaka jana Tumpe alisugua ukoko mpaka kiuno kikagoma. Jana timu zilikuwa zimegawana wachezaji kwa kuchagua kwa zamu, na aliyeichagulia Champlin ni Kocha.

— Kocha, nasikia Woodbury wamebeba wote wenye mbio.

— Walikuwa wageni wetu, Mama Lusajo. Mgeni ana-pick kwanza.

— Mara moja?

— Mpaka atosheke. Si ndiyo heshima?

— Masufuria ya heshima hiyo utayaosha wewe.

— Msigombane, — Sayansi akaingilia. — Waliobaki ni wazito, na ushindi wa mpira huu uko mbele, kwenye ukuta. Watu watano wa kuzuia. Hao hawagombewi na mtu, unawaokota mwishoni.

— Tumeokota nani?

— Gitonga wa malori. Anakaa kwenye usukani toka hapa mpaka Texas. Mtu kama huyo utamsogezaje?

— Na Keziah, — Kocha akadakia. — Anageuza wazee kitandani usiku kucha. Akikushika kiuno, umeshalala.

Tumpe akacheka. Kazi hiyo ni yake pia, hilo hakulipinga.

— Mugisha je? — Sayansi akapanda sauti. — Kwenye harusi ya Chepkemoi alisimama mlangoni, asiye na kadi hakupita. Bwana harusi mwenyewe alikaa nje nusu saa!

— Na mchungaji wetu, — akasema Kocha. — Mkristo gani atamsukuma mchungaji?

— Woodbury wana Waislamu.

— Basi ustadhi akae ubavuni mwake!

Tumpe akajikuta ameanza kuamini. Aliwaona kabisa watu wa Woodbury wameinama, povu hadi viwikoni.

Dada mmoja mgeni, Dativa, aliyehamia mtaani wiki ile, alikuwa amesimama karibu akisubiri mwanawe anyolewe.

— Samahanini, — akasema. — Na nyuma ya huo ukuta, nani anarusha mpira?

Sayansi akamtazama Kocha. Kocha akatazama barabarani.

— Warushaji walikuwa wawili, — akasema polepole. — Wageni walionekana wanawapenda.

Tumpe akavua viatu, akaikanyaga nyasi yenye ubaridi.

— Nitarusha mimi.

— Mama Lusajo, kwani unajua kurusha?

— Sijui. Ila kama ukuta ni huo mnaousifia, hakuna atakayenifikia. Niwekeeni na kiti.