Namba Iliyomseivu Mama Sindano

Benchi letu liko ukutani, kati ya chumba changu cha kunyolea na kibanda cha Rada, fundi simu. Mbao yake imeng'aa kwa kukaliwa na watu wasio na haraka. Kila asubuhi Diwani, karani mstaafu tuliyempa jina hilo kwa sababu hawezi kuomba sukari bila kuhutubia, huja na chupa kubwa ya kahawa na vikombe vinne. Kikombe cha nne ni cha Mama Sindano. Yeye hakai nasi. Cherehani yake iko barazani, hatua mbili kutoka tulipo, na husikiliza mabishano yetu huku mguu ukikanyaga pedali. Ndiyo maana Alhamisi ile cherehani iliponyamaza ghafla, sote tukageuza shingo.

Alikuja na simu mkononi, ameishika kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa. Alisema programu yake ya meseji imemwambia kuna mtu amemwongeza kwenye orodha ya watu wake. Namba haijui. Jina hakuna, pameandikwa nukta tu. Na si mara ya kwanza: Jumatatu ilitokea ikafutika, jana ikatokea tena ikafutika, na leo imerudi.

— Nataka kujua ni nani, alisema. Basi.

Kijiwe kikapata kazi.

Diwani alianza, maana asipoanza yeye hatulii. Akasema hao ni watu wa mipango miji, wanatafuta namba za wenye baraza zote ili wazibomoe, na kule kufutika na kurudi ni dalili ya faili linalopita ofisi tatu kusubiri saini. Rada akamcheka. Kwa maelezo yake huyo wala si binadamu; ni mtambo uliowekwa mahali, unaokusanya namba za watu ili ujifunze kuongea kama wao. Diwani akauliza mtambo unataka kuongea kama fundi nguo ili iweje. Rada akajibu kwamba kuna siku mitambo itashona, na siku hiyo itahitaji mdomo wa kumdanganya mteja kwamba nguo itakuwa tayari kesho. Hata Mama Sindano alitabasamu.

Mimi niliona ni mchumba. Mwanamume mzima, nikasema, ana namba ya mjane anayejiheshimu, anaiweka, anaogopa, anaifuta. Diwani akaniambia nisiwapime watu kwa uoga wangu. Akageuza maneno: labda ni fundi wa ng'ambo ya barabara, anapeleleza mishono. Tulikuwa tumenogewa sasa, kahawa inapanda kichwani, na mimi, kwa kutaka kumshinda kila mtu, nikasema nimesikia namba za marehemu hurudi sokoni. Mtu anauziwa laini ya mtu aliyekufa, na simu inaanza kuwatafuta jamaa zake yenyewe.

Mume wa Mama Sindano tulimzika sisi wenyewe, miaka minane iliyopita. Nilitamani ulimi wangu upitiwe na wembe.

Lakini hakukasirika. Alivuta kigoda chake akakaa nasi, jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka yote hiyo.

— Yuko mtu mmoja ninayemwaza, alisema. Naogopa kumtaja.

Rada alihamia mtaani baada ya msiba ule, kwa hiyo ilibidi asimuliwe. Mama Sindano aliolewa na mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye mtoto wa miaka mitatu. Ni yeye aliyemlea mtoto yule. Alimfundisha kufunga vifungo vya shati kwenye mashati ya wateja, akamkesha alipougua, akampeleka shule siku ya kwanza na kurudi naye siku hiyo hiyo kwa sababu alilia. Baba mtu alipokufa, kijana akiwa na miaka kumi na mitano, baba zake wadogo walikuja na gari wakasema damu yao hailelewi na mtu baki. Yeye hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Alikwenda mara mbili hadi kwenye geti lao. Mara zote mbili aliambiwa kijana hataki kumwona, na mara ya pili hakuongezwa hata neno, geti lilifungwa tu.

— Namba yangu sijabadilisha, alisema. Simu zimekufa tatu, namba ni ile ile. Alikuwa anaijua kwa kichwa tangu darasa la kwanza.

Rada ndiye aliyeshika simu. Sasa alikuwa fundi, mizaha imemtoka. Alieleza taratibu kwamba kwenye programu ile picha ya mtu huonekana pale tu watu wawili wanapokuwa wamewekana. Huyu ameshamweka mama. Mama naye akimweka, picha itafunguka, kama ipo.

— Naye atajua nimemweka?

— Atajua, mama.

Mama Sindano alisogeza kigoda karibu naye. Kisha akasema:

— Weka.

Rada akabonyeza. Duara la kijivu lilizunguka kidogo, picha ikafunguka. Ilikuwa ya kijana mrefu amesimama kwenye korido, amevaa sare ya wauguzi, lakini kaipa kamera mgongo. Uso hakuna. Diwani akanung'unika kwamba mtu wa kuficha uso ana lake jambo. Mama Sindano aliisogeza simu machoni, akaiweka mbali, akasema kwamba hawezi kujua, mabega haya ni ya mtu mzima, yule wake alichukuliwa akiwa mtoto.

Nikaomba simu. Nyuso mimi husahau, hata za wateja wa wiki iliyopita, lakini visogo nimevitazama miaka ishirini na sita. Nikaikuza picha kwa vidole. Nywele za kisogoni zilikuwa zinazunguka mahali pawili, kama vimbunga viwili vidogo vinavyotazamana. Vichwa vya namna hiyo ni vigumu kunyoa. Mashine ukiielekeza huku, nywele zinalala kule. Nimekutana na viwili tu maishani. Kimoja kilikuwa cha mzee mmoja wa mtaa mwingine ambaye sasa ni marehemu. Cha pili kilikuwa kinaletwa kwangu kila mwisho wa mwezi, kimeshikwa mkono na mama huyu huyu, kinalia kikiona mashine.

— Ni yeye, nilisema. Kichwa hiki nimekinyoa mimi.

Mama Sindano alijifunika mdomo kwa kitambaa alichokuwa anakishona, pini zikiwa bado zimo.

Hapo kijiwe kikarudia ugonjwa wake, ila safari hii kwa upendo. Diwani alitaka tuandike barua yenye anwani na kumbukumbu namba. Rada akashauri tusubiri, yeye ndiye aanze. Mimi nikasema tutume picha ya baraza aone bado ipo. Tulikuwa tunapandishiana sauti, wala hatukumwona dada mmoja aliyefika kuchukua sketi yake iliyokuwa inabadilishwa zipu. Alisimama akatusikiliza, mkoba begani. Alipopata nafasi aliuliza kwa upole tu:

— Samahani jamani. Huyo kijana amemwandika mama jina gani kwenye simu yake?

Rada, anayejua kila kitu cha simu, alikuna kichwa akakiri kwamba hilo halionekani. Unaweza kujua nani amekuweka, lakini amekuwekaje, ni siri yake. Diwani aliyekuwa na jibu la kila kitu alimimina kahawa, ikatoka nusu kikombe na mashapo.

Lakini Mama Sindano alikuwa amelielewa swali. Nadhani ndilo lililokuwa linamsumbua tangu asubuhi. Mama, au mama wa kambo, au jina lake tu kama mtu baki. Alichukua simu yake, akainama, akaandika mwenyewe, polepole, kwa kidole kimoja. Kisha akatuonyesha kabla ya kutuma, kama mtu anayeomba ruhusa: "Ni mimi. Nimefurahi. Umeniandika nani kwenye simu yako?"

Akatuma.

Yule dada wa sketi akakaa kwenye benchi bila kualikwa. Tulingoja. Mteja wangu mmoja alifika, nikamwambia arudi baadaye. Zilipita kama dakika kumi. Ungekuwapo pale ungedhani ni mwaka.

Jibu lilikuja kama picha. Kijana alikuwa amepiga picha ukurasa wa simu yake, ile namba ya miaka yote, na juu yake neno moja: Nyumbani.

Chini yake aliandika kwamba aliambiwa mama ndiye aliyekataa kubaki naye. Kwamba mwezi huu amemaliza mafunzo na sasa ana simu yake mwenyewe. Kwamba mara mbili ameiweka namba, mara mbili ameifuta, kwa kuogopa asijibiwe. Na kwamba Jumamosi hana zamu.

Mama Sindano alisoma mara tatu. Akafuta macho, akampa yule dada sketi yake, kisha akaanza kuifunika cherehani, na ilikuwa bado saa nne asubuhi. Diwani akamuuliza anakwenda wapi, kuna wateja.

— Watakuja kesho, alisema, tayari ameshuka barazani. Kuna chumba sijakifagia siku nyingi.