Msiba Ulionikataza Kukaa

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya. Asanteni kwa kunipa nafasi. Mkiniona nahamahama, mara mlangoni, mara dirishani, niacheni tu, ndio mwili nilionao siku hizi. Na mnivumilie na Kiswahili changu cha Murusagamba.

Wengi wenu mlikuja nyumbani nilipomzika binti yangu. Alikuwa darasa la nne, homa na kikohozi vikamchukua kwa siku chache tu. Mlikuja, mkakaa. Ndivyo tulivyofundishwa: mwenzio akifiwa, unakwenda kukaa naye. Mlijaa mikekani, mkajaa uani, mkaleta ndizi na maharage, na kila aliyeingia aliniambia, "Mama, kaa. Tulia." Ndugu zangu, nawaambia ukweli, neno lile "kaa" lilinichoma. Nikikaa tu, namsikia anakohoa chumbani. Nikisimama, sauti inakoma.

Basi nikawa mtu wa kusimama. Matanga yaliisha, mkarudi kwenu, mimi nikaendelea. Nainjika maharage, kabla hayajachemka niko shambani. Nashika jembe, kabla tuta halijaisha niko barabarani naelekea sijui wapi. Mume wangu akanifichia kandambili, nikatoka pekupeku. Chekeni, hata yeye anacheka pale nyuma, lakini siku zile alikuwa analia.

Sasa kitinda mimba wetu, huyu mnayemwona, alikuwa ananyonya. Nikimpakata, nainuka kabla hajashiba. Akaanza kupungua. Namwona mbavu zinatokeza, naambiwa, najua, na kukaa siwezi. Hapo ndipo nilipoogopa. Mmoja nimemzika, na huyu nampoteza nikiwa nimesimama!

Kuna jirani yangu, simtaji, yumo humu na akitajwa atanikasirikia. Asubuhi moja alikuja. Hakusema pole, hakutafuta pa kukaa. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akasema, "Mama, twende kirere."

Mnatujua sisi, l na r kwetu ni mapacha. Mwenzangu alitaka kusema kilele, kilele cha mlima ule ulio nyuma ya shule. Mimi masikio yangu yakasikia lugha ya nyumbani: kirere, kule juu angani. Na mnajua, binti yangu ndiko aliko. Sikuuliza swali. Nilimbeba mtoto mgongoni, nikatangulia.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha juu ya nyasi zilizochomwa. Mlima ulikuwa bado mweusi, na kwenye weusi ule maua yalikuwa yametoka ardhini hata kabla ya majani yake: mekundu ya duara, ya njano madogo madogo, meupe kwenye kingo za mawe. Jirani kila hatua anasimama, "Tazama hiri, mama! Na rire!" Mimi sikutazama, nilikanyaga. Nilipanda kwa hasira, kifua kinawaka, mtoto analia, na nyuma yangu jirani anahema, "Pore pore, mama, mrima haukimbii!"

Tukafika. Nikakuta mawe, upepo, na maua mengine. Upande ule Burundi, upande huu mabati ya nyumba zetu. Nikalizunguka jiwe kubwa, nikalizunguka tena. Nikamgeukia nikapiga kelele, "Yuko wapi? Si umesema kirere!"

Maskini, hakuelewa. Akaangalia chini, akaangalia juu. Alipoelewa, uso ulimshuka. "Nisamehe, mama," akasema, "ni huu urimi wangu. Nirikuwa nasema mwisho wa mrima. Njia inaishia hapa."

Ndugu zangu, miguu yangu ilitafuta pa kwenda ikakosa. Kila upande ni kushuka. Nikalia kilio ambacho sikukilia hata makaburini, na katika kulia nikajikuta chini, nimekaa kwenye majivu, maua yamenizunguka. Jirani akamfungua mtoto mgongoni akanipa, naye akatafuta titi mwenyewe. Na yule mwingine alikohoa. Ndiyo, nilimsikia. Safari hii sikuinuka. Nilimsikiliza mwanangu akikohoa mpaka aliponyamaza, na huyu alinyonya mpaka akaliachia titi kwa kushiba. Nilikuwa nimesahau mtoto akishiba anakuwa mzito namna gani.

Msidhani nilishuka nimepona. Kesho yake nilitaka kukimbia tena, na jirani akaja tena na fimbo. Tulipanda kila asubuhi mpaka maua yakaisha na nyasi zikatufika magotini. Kukaa nilikujifunza upya, kidogo kidogo, kama mgonjwa anavyojifunza kula.

Namshukuru Mungu. Namshukuru jirani yangu na ulimi wake. Namshukuru mume wangu, aliyepika ugali na kufua nepi huku wanaume wenzake wakimcheka. Na ninyi mliokuja mkakaa, sikuwadharau, chakula chenu ndicho kilichotufikisha hapa. Ila nawaomba hivi: mwenzenu akifiwa, nendeni mkakae naye. Mkimwona hawezi kukaa, msimvute mkekani. Mshikeni mkono, mtembee naye, hata kama hajui anakwenda wapi. Miguu ya mfiwa nayo ina machozi yake, iacheni iyamalize.

Nilikuwa na mengine ya kusema, lakini mnaona huyu anavyonivuta kitenge. Ana njaa. Nisogezeeni nafasi hapo kwenye mkeka, nikae nimnyonyeshe.