Bonyeo Mdomoni mwa Ganda

VALERIA: Haloo? Kaka Niko? Unanipata?

NIKODEMU: Haloo! Nani mwenzangu? Mtandao unakwaruza—

VALERIA: Ni mimi, Valeria. Shikamoo.

NIKODEMU: Marahaba, mdogo wangu. Namba ya nani hii?

VALERIA: Ya Febronia, ninayepika naye. Yangu imezima chaji. Salio lenyewe la kuungaunga, nisikilize. Niko Kiberege, kwa Obadia.

NIKODEMU: Obadia yupi?

VALERIA: Kwani unamjua mwingine? Bosi wako wa shamba la mpunga. Mwanawe kapata kipaimara leo, tumeitwa kupika. Sikujua ni kwake mpaka nilipomwona anashuka garini.

NIKODEMU: Toka hapo.

VALERIA: Sitoki. Nina karai la mafuta linachemka, kaka. Kila akija kuonja nyama anasimama hapa, karibu kabisa. Mama alikufa analiita jina lako, wewe ukiwa gerezani, na huyu anacheka mpaka—

NIKODEMU: Vale! Usithubutu! Mimi nimekaa mle miaka mitano, ndiyo kwanza nimetoka. Ukimmwagia, yeye atapona. Wewe utaozea ndani.

VALERIA: Kwa hiyo tumwache ale, anywe, apige bastola hewani watu wampigie vigelegele?

NIKODEMU: Umesemaje?

VALERIA: Kapiga sasa hivi, mara tatu. Eti furaha.

NIKODEMU: Bastola gani?

VALERIA: Ile nyeusi, kama uliyopewa kulindia shamba lake.

NIKODEMU: Maganda yameangukia wapi?

VALERIA: Moja limeruka mpaka kwenye kuni zangu. Hili hapa, bado lina joto.

NIKODEMU: Litazame mdomo. Pale risasi ilipotokea. Ni duara?

VALERIA: Siyo duara. Limebonyea upande mmoja, kama limeng'atwa.

NIKODEMU: Subiri. Mengine je?

VALERIA: Yako kwenye nyasi... moja hili... hili nalo hivyohivyo. Upande uleule. Kaka? Mbona unahema?

NIKODEMU: Ganda lililookotwa karibu na maiti ya Fredy, yule kibarua wa shambani, kule mtoni lilikuwa na bonyeo hilo hilo. Walinionyesha mahakamani, wakasema ni la bastola yangu. Yangu ilitema maganda mazima, Vale! Nilimwambia hakimu. Akasema nijibu ninachoulizwa.

VALERIA: Sasa bastola inabonyezaje ganda lake yenyewe?

NIKODEMU: Ukifyatua, kile chuma cha juu kinarudi nyuma kwa nguvu. Kuna kijino kinavuta ganda, halafu linapigwa teke litokee kidirishani ubavuni. Shaba ni laini. Lisiporuka vizuri linagonga ukingo wa kidirisha. Au chuma kinarudi mbele kabla halijatoka, kinalibana mdomo. Bastola yenye tabia hiyo inayabonyeza hivyo karibu kila mara.

VALERIA: Basi ni yeye! Ni yeye aliyemuua Fredy, akakusingizia—

NIKODEMU: Punguza sauti! Bonyeo peke yake halimfungi mtu. Bastola nyingi zinabonyeza. Ila lile ganda bado liko kwenye jalada la kesi, wakili wangu amelikuta. Yakiwekwa pamoja chini ya hadubini, alama ya kijino na ya pini inayogonga risasi zitasema. Yaliyobaki nyasini usiyaguse, yapige picha kwanza. Febronia anakuona?

VALERIA: Yuko hapa, katoa macho.

NIKODEMU: Aone vizuri, atakuwa shahidi. Yafunge kwenye karatasi, usiyasugue.

VALERIA: Na mafuta yangu?

NIKODEMU: Kaangia samaki. Mimi sitaki aungue, Vale. Nataka apande kizimba kile kile. Aulizwe, ajibu ukweli, asiaminiwe. Arudishwe rumande akiwa na mama mgonjwa nyumbani.

VALERIA: Mama yake alishakufa.

NIKODEMU: Basi hilo kaepuka.

[mtandao unakwaruza]

VALERIA: ... picha tayari. Nimeyafunga yote matatu. Kaka, anakuja.

NIKODEMU: Kata simu.

VALERIA: Shikamoo bosi... Nyama tayari, ndiyo... Naongea na kaka yangu.

NIKODEMU: Vale, usinitaje!

VALERIA: Nikodemu, bosi. Yule mlinzi wako. Kashatoka, ndiyo... Anakusalimia sana. Anasema mtaonana.

NIKODEMU: Sikusema hivyo! Valeria, ondoka! Mchukue Febronia, pandeni bodaboda mje moja kwa moja mpaka Ifakara, kwa wakili!

VALERIA: Tumeshaondoka, tunapitia uani. Febronia, vua hiyo aproni! Weee, bodaboda!

NIKODEMU: Anawafuata?

VALERIA: Hapana... Kaka, ungemwona! Kaweka sahani chini mbele ya wageni wote. Kainama. Anapekuapekua nyasi.

NIKODEMU: Anatafuta maganda yake.

VALERIA: Mwache atafute. Twende dereva, twen—

[salio limekwisha]